Ampli ya lampu ikitaka kufunguliwa nyumbani

Swali la juma hili limetoka kwa mama wa kikundi kimoja cha akiba hapa Swima. Kikundi chao kinatunza ampli ya kwaya, iliyoletwa na ndugu walioko Marekani, na wanaikodisha kwenye arusi na matanga ili mfuko wao usikauke. Lampu zake zilichoka, wakachanga pesa, wakanunua nyingine. Sasa kijana wa mama huyo, ambaye hutengeneza radio za majirani, anasema lampu mpya haziwezi kutumiwa hivi hivi, lazima kwanza arekebishe bayasi. Anataka kuifungua nyumbani, usiku watoto wakiisha kulala, juu ya meza ya chakula. Mama anauliza: nimwache aifungue, ama nimkatalie?

Tumelizungumza swali hili siku kadhaa. Jibu letu ni kwamba kijana amesema kweli kuhusu lampu, lakini asianze usiku, na asianze kabla mama mwenye nyumba hajajua ndani ya sanduku lile mna nini. Mama hahitaji kuwa fundi. Anahitaji kujua vya kutosha ili aweze kusema "ngoja" panapostahili.

Kwanza tujue tunasema juu ya ampli gani. Ampli nyingi tunazoziona hapa, na Mboko, na Baraka sokoni, ni za transista. Ukiziwasha zinasema papo hapo, na ndani hamna kioo. Ampli ya lampu ni nzito kama mfuko wa mihogo, ukiiwasha inanyamaza karibu nusu dakika, na ukichungulia nyuma utaona vichupa vya kioo vyenye mwanga wa rangi ya chungwa. Ni ufundi wa zamani. Lee de Forest wa Marekani alitengeneza lampu ya aina hii mwaka 1906, na radio ambazo babu zetu walisikiliza wakati wa Wabelgiji zilikuwa za lampu, mpaka transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ilipozisukuma pembeni. Wapiga gitaa walikataa kuziacha kwa sababu ya utamu wa sauti yake, ndiyo maana zinatengenezwa hata leo na ndiyo maana zinatufikia. Kwa hiyo mama, kama ampli yenu haina vichupa na fundi anadai pesa za bayasi ya lampu, mwambie akuonyeshe hizo lampu kwanza.

Bayasi ni nini basi? Fikiria mbabula. Unapongoja wageni huwezi kuzima makala kabisa, maana wakifika utahangaika kuwasha. Huwezi pia kuacha moto mkubwa chini ya sufuria tupu, maana utamaliza makala bure na sufuria itaungua. Unaacha moto kidogo unaopumua. Lampu kubwa za ampli ni hivyo hivyo. Hata kama hakuna anayeimba, umeme kidogo unapita ndani yake ukingoja sauti. Kazi ya bayasi ni kupanga ukubwa wa moto huo wa kungoja. Ukiwa mdogo mno, sauti inakuwa kavu na inakwaruza, hasa kwaya ikiimba polepole. Ukiwa mkubwa mno, bati la ndani ya lampu linaanza kuwa jekundu kama kisu kilichosahaulika motoni, na lampu mliyoichangia inaweza kuharibika kwa muda mfupi sana, pengine pamoja na transfo yake. Lampu mpya hazifanani na zile za kwanza hata kama jina ni lile lile, kwa hiyo moto hupimwa upya kila zinapobadilishwa. Hapo kijana ana haki.

Lakini si kila ampli ya lampu ina cha kurekebisha. Nyingine zinajipanga zenyewe. Ile Vox AC30 inayojulikana sana, yenye lampu nne za EL84, haina skrubu ya bayasi. Unachomoa za zamani, unaweka mpya, umemaliza. Lampu ndogo za mbele, kama zile zilizoandikwa 12AX7, nazo hubadilishwa bila kupima chochote. Fender nyingi kubwa zenye lampu za 6L6, na Marshall nyingi zenye EL34, ndizo zenye skrubu. Swali la kwanza la mama kwa kijana liwe hilo: hii yetu inajipanga yenyewe ama ina skrubu, na skrubu iko wapi? Asipojua, bado hajafikia kuifungua.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Batri ya sola iliyo nyumbani ina volti 12. Konvertisa inazigeuza kuwa volti 220, na sote tunajua hizo zinaua. Lakini ndani ya ampli ya lampu mna transfo inayopandisha tena, mpaka volti 400, na kwenye ampli kubwa karibu 500. Umeme huo unawekwa akiba ndani ya vidude vinavyoitwa kondensata, vyenye umbo la kopo dogo. Ukichomoa priza, kondensata hazijui kwamba umechomoa. Zinabaki zimejaa. Katika ampli nyingine akiba hiyo inaisha yenyewe baada ya dakika chache, katika nyingine inakaa saa nyingi, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kijana anachomoa, anasema "imezimwa", anaingiza mkono, na mkono ule unakutana na volti 400 zilizokuwa zimelala. Kosa hili linawapata hata wanaojua kazi, maana wasiojua huogopa kufungua.

Ndiyo maana tunakataa usiku na tunakataa meza ya chakula. Usiku mwanga ni mdogo na macho yamechoka. Kazi ikibaki nusu, ampli inaachwa wazi mpaka asubuhi, na asubuhi wa kwanza kuamka ni mtoto wa miaka mitatu. Kazi hii ifanyike mchana, kwenye chumba chenye mlango unaofungwa, juu ya meza ya mbao iliyokauka, na sakafu ikauke. Nyumba nyingi za kwetu zina sakafu ya udongo, na wakati wa mvua udongo ule una unyevu. Miguu mitupu juu yake ni njia iliyo wazi kwa umeme. Avae viatu vyenye soli ya mpira. Avue saa, pete, na shanga za mkononi. Na asiwe peke yake. Mtu mzima mmoja akae karibu, asiyegusa kitu, anayejua priza iko wapi na namna ya kuichomoa. Mtu huyo anaweza kuwa mama mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote chumbani.

Kumaliza akiba ya kondensata kuna namna yake. Watu wengine wanagusisha turnavisi ili zilipuke cheche. Tusiruhusu hilo: linaharibu kondensata, linaweza kurusha chuma kilichoyeyuka machoni, na linampa kijana sifa ya bure mbele ya wadogo zake. Njia nzuri ni rezista ya omu 10,000 yenye uwezo wa wati 5, iliyofungwa kwenye waya wenye vibanio na kufunikwa vizuri isiguswe. Kibanio kimoja kinashika bati la sanduku, kingine kinashika upande wa juu wa kondensata, kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa mfukoni au mgongoni. Mkono mmoja, kwa sababu umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule unapita kifuani. Angoje nusu dakika, kisha apime kwa multimeta. Kondensata ziko kadhaa, kila moja ipimwe. Multimeta ikionyesha volti chini ya 10, hapo tuseme imezimwa. Kuna mafundi wanaoacha rezista hiyo imeshikizwa muda wote mikono ikiwa ndani, wakaiondoa kabla ya kuwasha tena. Tunawasifu.

Multimeta nayo iangaliwe. Zile ndogo za bei rahisi zina nyaya nyembamba, na baada ya mwaka mmoja mfukoni mpira wake unapasuka karibu na ncha. Kwa radio ya betri hakuna shida. Kwa volti 450 ni hatari. Iwe imeandikwa kwamba inavumilia volti 600 au 1000, na nyaya zake ziwe nzima.

Sasa hesabu, ambayo mtoto wa mwaka wa sita anaweza kuifanya, na ingefaa aifanye mbele ya kaka yake. Kila aina ya lampu ina kiasi cha joto inachoweza kuvumilia: 6L6GC inavumilia wati 30, EL34 wati 25, EL84 wati 12. Kwa ampli hizi kubwa, moto wa kungoja usizidi asilimia 70 ya kiasi hicho. Chukua 6L6GC: asilimia 70 ya 30 ni 21. Ukipima volti za lampu ukakuta 460, gawa 21 kwa 460, unapata kama 0.046, yaani miliampea 46. Huo ndio mwisho, si lazima kuufikia. Miliampea 38 au 40 zinatosha, sauti ni nzuri na lampu inaishi zaidi. Kijana akisema anataka 50 ili ampli ipige kwa nguvu, mkumbushe nani alichanga.

Kupima kwenyewe kunategemea ampli. Baadhi zina matundu ya kupimia kwa nje, nyuma, na skrubu ya kuzungusha inafikiwa bila kufungua sanduku. Hizo ni baraka, na hizo tungeruhusu zipimwe nyumbani bila maneno mengi. Bafle ibaki imeunganishwa, maana ampli ya lampu ikiwashwa bila bafle inaweza kuunguza transfo ya sauti. Sauti iwekwe sifuri. Iwashwe, ingojewe dakika 10 ipate joto. Multimeta iwekwe kwenye milivolti. Kwenye ampli nyingi ndani mna rezista ya omu 1, kwa hiyo milivolti 40 ni sawa na miliampea 40, hesabu imekwisha, lakini kitabu cha ampli kiangaliwe maana nyingine zina kipimo tofauti. Skrubu izungushwe kidogo kidogo, irudiwe kwa kila lampu au kila jozi, kwa sababu ukigusa ya huku ile ya kule inasogea. Baada ya dakika 20 apime tena.

Zenye skrubu ndani ndizo ngumu. Kuna kipimo kinachoingizwa kati ya lampu na soketi yake, kinachosaidia kusoma miliampea bila kuchokonoa nyaya, na mwenye kukitumia anapunguza hatari nyingi. Hata hivyo kupima zile volti 460 kunadai sanduku wazi. Kanuni tunayotaka mama aishike ni hii: mkono hauingii ndani wakati umeme uko ndani. Kibanio cha multimeta kinafungwa ampli ikiwa imechomolewa na akiba imemalizwa. Kisha mikono inatoka, inawashwa, inasomwa kwa macho, inazimwa, inachomolewa, akiba inamalizwa tena, ndipo kibanio kinaondolewa. Ni polepole, ndiyo. Kinachobaki kufanywa umeme ukiwa ndani ni kuzungusha skrubu tu, kwa turnavisi ya plastiki ama yenye mpini na shingo iliyofunikwa, kwa mkono mmoja. Kijana asiyeweza kuvumilia mwendo huo apeleke ampli kwa fundi wa Baraka au Uvira, na gharama ya kuisafirisha itoke kwenye mfuko wa kukodisha.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya ampli vinalipita haraka, maana viliandikwa kwa watu wenye umeme usiobadilika. Sisi leo tunapiga kwa sola, kesho kwenye arusi kuna grupu. Konvertisa iliyochoka inatoa volti 200, grupu isiyopangwa vizuri inatoa 240. Ndani ya ampli volti zote zinapanda na kushuka pamoja nazo: ile 460 iliyopimwa kwenye 220 inakuwa karibu 500 kwenye 240, na moto wa lampu unaongezeka. Ukipima bayasi nyumbani kwa konvertisa dhaifu, ukaiweka mwishoni kabisa, ukaenda kuunganisha kwenye grupu kali, lampu zitakuwa nyekundu kabla bibi arusi hajaingia. Basi ipimwe kwenye chanzo chenye volti nyingi zaidi mnachotumia, ama iachiwe nafasi. Tena ampli ya lampu ya wati 50 inaweza kula wati 150 au 200, yaani ampea 15 hivi kutoka kwenye batri ya volti 12. Wenye kuikodisha wajue hilo kabla ya kuahidi usiku mzima wa matanga.

Na ile iliyotoka Marekani, jamani, isomeni nyuma kabla ya yote. Ndugu zetu waliopita Nyarugusu na sasa wako huko wanatutumia vitu kwa upendo, lakini umeme wa huko ni volti 120. Nyingine zina kitufe cha kuchagua, nyingi hazina. Ikiandikwa 117 au 120 peke yake, inahitaji transfo ya kushusha kutoka 220, yenye uwezo mkubwa kuliko ampli yenyewe: kwa ampli inayokula wati 200, tafuta transfo ya 500. Hata hapo transfo yake ya ndani itakuwa na joto zaidi kuliko huko, kwa sababu ilitengenezwa kwa umeme wa hezi 60 na grupu zetu zinatoa 50. Isipigwe kutwa nzima bila kupumzika.

Waimbaji wakilalamika kwamba mikro inawachoma midomoni, wasiambiwe ni mishipa yao. Hiyo ni dalili kwamba bati la ampli lina umeme. Mara nyingi mtu amekata jino la tatu la priza ili iingie kwenye ralonge ya matundu mawili. Jino hilo ndilo linalopeleka hitilafu ardhini badala ya kuipeleka kwa mwimbaji. Lirudishwe. Na fizibli ikikatika, iwekwe ya kiasi kile kile, isifungwe kwa waya wala karatasi ya sigara.

Mtu akinaswa, usimshike. Chomoa priza au zima grupu. Kama haifikiki, msukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, laza chali, sukuma kifua katikati kwa nguvu na haraka, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine akikimbilia kituo cha afya. Akiamka na kusema hana kitu, apelekwe tu. Moyo uliopigwa na umeme unaweza kusumbua baadaye.

Tumrudie mama aliyeuliza. Ampli yenu imetoka Marekani, ina lampu nne kubwa, na kwa maelezo yako skrubu iko ndani. Kwa mara hii ya kwanza tunashauri aifanye fundi mzoefu, kijana akiwa pembeni na daftari. Aandike tarehe, volti za grupu au konvertisa, volti za lampu na milivolti za kila moja. Mara ya pili, akiwa na rezista yake, viatu, na wewe karibu na priza, anaweza kuifanya mwenyewe mchana, watoto wakiwa shuleni. Lampu za zamani msizitupe bado. Zifungeni kwa nguo laini na kuziandika "zilizotumika": siku moja ya hizi mpya ikifa katikati ya arusi, jozi iliyochoka itawavusha mpaka asubuhi, mradi bayasi ipunguzwe kabla ya kuziweka na ipimwe tena baadaye.